Uliza Fundi: Nani apite, nani asubiri kwenye mji wako wa gemu

Barua za safari hii karibu zote ni za foleni. Wengi mnacheza Cities: Skylines, gemu la kujenga na kuendesha mji, wengine ile ya kwanza iliyotoka Machi 2015, wengine ya pili ya Oktoba 2023, na malalamiko ni yaleyale, mji ulikuwa unaenda vizuri alafu ghafla magari yameganda na takataka hazizolewi. Nimechagua zile ambazo jibu lake litawasaidia na wengine. Gemu hizi mbili hazifanani kwa kila kitu kwahiyo pale zinapoachana ntasema.

*Shikamoo fundi. Barabara yangu ya katikati ya mji nilianza nayo leni mbili, ikajaa, nikaipandisha leni nne, ikajaa, sasa hivi ina leni sita na foleni ndo kwanza imezidi. Hela ya mji inaishia kwenye lami tu. Nipanue mpaka wapi? – Meya wa Leni Sita*

Marahaba mdogo wangu. Usipanue tena. Foleni ina kichwa na mkia, na sisi wote macho yetu yanakimbilia mkiani maana ndo kurefu na ndo kwekundu kwenye ramani ya trafiki, ila mkiani hakuna ugonjwa wowote, pale magari yanasubiri tu. Fungua ile ramani, shika gari la nyuma kabisa, alafu fuata foleni kwenda mbele taratibu mpaka ufike mahali ambapo ukivuka tu barabara inakuwa tupu na magari yanakimbia. Hapo ndo kichwa. Na nakuhakikishia mara nyingi sana utakuta ni njia panda, sio barabara yenyewe.

Sasa angalia hiyo njia panda vizuri. Kwa jinsi ulivyoandika nahisi umechora mitaa yako kwa viboksi, na kila kamtaa kadogo kameungwa moja kwa moja kwenye hiyo barabara kubwa, na gemu ya kwanza ina tabia ya kuweka mataa yenyewe kila barabara kubwa inapokutana na nyingine. Kwahiyo una mataa kila baada ya mita 80 hivi. Barabara ya leni sita kwenye gemu ile mwendo wake ni kilomita 60 kwa saa na kale ka leni mbili ni 40, lakini gari likisimamishwa kila hatua hiyo 60 haipo popote, ipo kwenye maandishi tu. Alafu kuna kitu kibaya zaidi, kati ya mataa na mataa hapatoshi magari mengi, kwahiyo foleni fupi tu ya mataa ya mbele mkia wake unafika mpaka kwenye njia panda ya nyuma, na ile ya nyuma nayo inafunga hata kwa wale ambao hawaendi huko kabisa. Ukiongeza leni hapo umeongeza magari yanayofika kwenye mataa kwa pamoja, na kona nazo zinakuwa ndefu, watembea kwa miguu wanavuka leni nyingi zaidi. Ndo maana unaona imezidi.

Dawa yake ni kuamua kila barabara ina kazi gani. Kuna barabara ya kusafirisha, haina nyumba pembeni au zipo chache, na njia za kuingilia ni za kuhesabu. Kuna ya kukusanya, inayochukua magari ya mitaani na kuyapeleka kwenye ile kubwa. Na kuna mitaa yenyewe, pale watu wanapokaa. Mtaa uingie kwenye ya kukusanya, ya kukusanya iingie kwenye kubwa, kamtaa kasiruke hatua. Kwa hiyo chukua kitufe cha kubomoa, kata vile vichochoro mita chache kabla havijagusa barabara kubwa, viunganishe kwa nyuma na barabara moja inayokwenda sambamba, na uache milango michache tu. Nyumba hazitabomoka kama ukikata kile kipande cha mwisho tu kisichogusa nyumba, na mitaa iliyokatwa iwekee njia za miguu ili watu wavuke bila kuzunguka, tena ikiwezekana ipandishe juu iwe daraja au ishushe iwe handaki, kwa sababu mtu anayevuka kwenye pundamilia anasimamisha gari linalokata kona, na gari moja likisimama kwenye kona linasimamisha yote ya nyuma yake.

Ukishamaliza hapo ndo tuongee kipaumbele. Tangu apdeti ya 2017, ile iliyokuja pamoja na nyongeza ya gemu iitwayo Mass Transit, gemu ya kwanza inakuruhusu kuifanya barabara nzima kuwa ya kipaumbele. Unafungua mwonekano wa njia za magari, unakwenda sehemu ya kurekebisha barabara, unabonyeza barabara yako, linakuja jina lake na kisanduku cha kipaumbele, unatiki. Barabara zote zinazoingia pale zinawekewa kibao cha kusimama na aliye kwenye barabara kubwa anapita moja kwa moja. Usiishie hapo, nenda kwenye sehemu ya makutano kwenye mwonekano uleule ukague njia panda moja baada ya nyingine, maana penye mataa kibao hakifanyi kazi, mataa ndo yanaamua. Zima mataa yasiyo na sababu. Na kumbuka ukibomoa kipande na kukijenga upya rudi ukakague tena, gemu linaiona kama njia panda mpya.

Wazo hili halikutoka kwenye gemu. Mkataba wa Vienna wa alama za barabarani wa mwaka 1968 una alama yake kabisa, ile almasi ya njano yenye ukingo mweupe, dereva akiiona anajua kwamba kwenye kila makutano yanayofuata yeye ndo anapita na wa pembeni wanangoja. Ulaya imejaa alama hizo. Unachofanya wewe kwa kutiki kisanduku ndo hichohicho.

*Habari za kazi fundi. Kila mtu anasema weka kipilefti foleni itaisha. Nimeweka na yangu imejifunga kabisa, yani magari yaliyo ndani yanasubiri ya nje na ya nje yanasubiri ya ndani, hakuna anayetoka. Niliijenga mwenyewe kwa barabara ya mwelekeo mmoja. – Mama Kipilefti*

Nzuri dada. Tatizo lako lina historia ndefu kuliko gemu. Mizunguko ya zamani, Uingereza na hata Marekani, ilikuwa inajifunga hivyohivyo, kwa sababu sehemu nyingi aliyekuwa anaingia hakulazimika kumsubiri aliye ndani. Sasa fikiria, ukimpa nafasi anayeingia, mzunguko unajaa, na ukishajaa wa ndani hawezi kufika kwenye mlango wake wa kutokea kwa sababu mbele yake kuna aliyeingia, na aliyeingia naye hasogei kwa sababu mbele yake kuna mwingine. Inakuwa duara, hakuna wa kwanza kutoka. Uingereza walikuja kuweka sheria Novemba 1966 kwamba anayeingia amsubiri aliye ndani, na kuanzia hapo kipilefti ikawa kitu cha kutegemewa. Yani jambo lote lipo kwenye nani anangoja. Umbo la duara peke yake halifanyi kitu.

Kwahiyo kwenye kipilefti yako fanya mambo haya. Zima mataa yote kwenye duara, hata moja lisibaki. Kisha duara lenyewe lifanye barabara ya kipaumbele ili kila mlango wa kuingilia upate kibao cha kusimama. Angalia vibao vimekaa kwenye wanaoingia, sio kwenye duara, mara nyingine duara likishakuwa na jina moja na barabara inayoingia mambo yanachanganyika, maana kipaumbele kinafuata jina la barabara, hapo rekebisha kwanza jina linapoishia uzitenganishe. Kwenye gemu ya pili una kipilefti zilizotengenezwa tayari, unachagua ukubwa unaibandika kwenye njia panda, shida hii ya kujenga vipande vipande haipo.

Ukubwa nao usiupuuze. Duara dogo sana halina nafasi ya gari kubadili leni kati ya mlango na mlango, na lori moja refu linaziba milango miwili. Kama kuna upande mmoja ambao wengi wao wanakata kona ya karibu tu, wale ambao hawana haja ya kuzunguka, watolee kijia chao cha pembeni cha mwelekeo mmoja kabla hawajafika kwenye duara, utaona mzigo unavyopungua.

Kuna sehemu ambazo kipilefti haifai pia, nalisema hili kwa sababu naona watu wanaziweka kila kona. Upande mmoja ukiwa na magari mengi mfululizo bila mwanya, ule mlango unaofuata mbele yake hautapata nafasi ya kuingia mpaka kesho. Wale sheria inawataka wasubiri mwanya, na mwanya haupo. Hapo mataa ni bora, au ule upande mzito upite juu kwa flaiova na duara libaki chini kwa waliobaki.

*Fundi mi sielewi, nimejenga barabara ya leni tatu kila upande, magari yote yamejipanga leni moja kama kwamba hizo mbili zina mashimo. Ni gemu bovu au? – Leni Moja*

Sio bovu, gemu linafanya ulichochora. Gari kwenye gemu ya kwanza linachagua njia yake yote pale linapotoka nyumbani, likiangalia hasa urefu wa njia na mwendo unaoruhusiwa, likishaingia barabarani halibadilishi njia eti kwa sababu mbele kuna foleni. Na leni linachagua kwa kuangalia kona inayofuata, linaikamata leni hiyo mapema sana. Kwahiyo kama magari yako karibu yote yanakwenda kukata kona ileile, na ile kona inaruhusiwa kutoka leni moja tu, basi yatajipanga leni moja hata ukijenga leni kumi. Hayo magari yanakuambia wazi kabisa yanataka kwenda wapi. Bonyeza ile barabara kwenye mwonekano wa njia uone mistari yote inaelekea wapi, utashangaa.

Njia ya kwanza ya kutibu ni kutoa sababu ya wote kukata kona ileile. Labda una mlango mmoja tu wa kuingia kwenye eneo zima la maduka, fungua wa pili upande mwingine. Au labda kuna barabara kuu ya kilomita 100 kwa saa hapo karibu na wote wanaikimbilia kwa sababu kwa hesabu ya gemu ndo ya haraka, hapo jenga njia nyingine isiyowapitisha kwenye njia panda ileile.

Ya pili ni hesabu ya leni, na hii napenda kila mmoja aishike. Kwenye haiwei ya leni tatu, ukitoa mlango wa leni moja, mbele endelea na leni mbili, sio tatu. Mlango wa kuingilia wa leni moja ukija kuungana, ndo zinarudi tatu. Mbili na moja ni tatu, tatu toa moja ni mbili. Ukifanya hivyo anayeingia anapata leni yake mwenyewe hana haja ya kumsukuma mtu, na wanaotoka leni yao inajulikana toka mbali. Wengi tunaacha leni tatu ziendelee tu, alafu anayeingia anabanana na aliye ndani na kila gari likipunguza mwendo kidogo yale ya nyuma yanasimama kabisa. Na kati ya mlango wa kuingilia na wa kutokea acha umbali wa kutosha, maana wanaoingia na wanaotoka wanapishana leni hapohapo.

Gemu ya pili iko tofauti, kule gari linapima muda, starehe, gharama na tabia ya dereva, sehemu ya kupaki nayo inaingia kwenye hesabu, na linaweza kubadili njia likikuta ajali. Ila leni ya kona ikiwa moja bado ni moja.

*Mambo fundi, nachezea konsoli, modi hatuna. Bila zile modi za trafiki mtu anaweza kweli? – Asiye na Modi*

Poa. Unaweza, tena vizuri tu. Modi ni vile vinyongeza vinavyotengenezwa na wachezaji wenyewe. Ile maarufu, Traffic Manager: President Edition ya gemu ya kwanza kwenye kompyuta, inakupa kuunganisha leni unavyotaka, kuweka mwendo, kibao cha kupisha badala ya kusimama kabisa, na mataa unayoyapanga muda mwenyewe. Ni vitu vitamu. Lakini mpangilio mbaya wa barabara haviokoi, na mpangilio mzuri unakwenda bila hivyo. Kuzima mataa, kuweka vibao na barabara ya kipaumbele vyote vimo kwenye gemu lenyewe.

Ila kuna jambo moja mjue nyie msio na modi, gari likikwama muda mrefu gemu linalifuta. Kwahiyo usiamini ile asilimia ya trafiki peke yake, inaweza kukuambia mambo safi kumbe magari yanayeyuka njiani na maduka hayapati bidhaa. Angalia barabara kwa macho.

*Shikamoo fundi. Nilifuata ushauri wa kipaumbele, barabara kubwa sasa inapita vizuri sana nimefurahi, lakini mitaa ya pembeni hawatoki kabisa. Gari la maiti limekaa kwenye kibao mpaka watu wanalalamika maiti hazichukuliwi, na zimamoto nyumba inaungua linatazama. Nimekosea wapi? – Meya wa Pembeni*

Marahaba. Hujakosea, umelipa gharama ambayo watu hawaambiwi. Kumpa mmoja nafasi ya kupita ni kumwambia mwingine asubiri, hakuna namna nyingine, ule muda ulioupunguza kwenye barabara kubwa sehemu yake imehamia kwenye vile vibao. Inafaa pale ambapo wa kubwa ni wengi na wa pembeni ni wachache. Wa pembeni wakiwa nao ni wengi, vibao vinawanyonga, hasa wale wanaotaka kukata upande wa kuvuka magari yanayokuja, ambao kama umechagua gari zipite kushoto ni wale wanaokwenda kulia. Wanahitaji mwanya kwenye pande mbili kwa wakati mmoja, na mwanya huo kwenye barabara yenye shughuli unakuja mara chache. Na yuko mmoja tu mbele anayesubiri kwenda kulia, nyuma yake wako kumi wanaotaka kushoto ambao wangeshapita zamani, wote wamemgoja yeye.

Kwahiyo gawanya. Milango mingi ya pembeni iruhusu kona nyepesi tu, gari liingie na kutoka bila kuvuka barabara, unaweza kufanya hivyo kwa kutumia vipande vya mwelekeo mmoja, kwenye gemu ya pili kuna vibao vya kukataza kukata kona kabisa. Wale wa kuvuka wapeleke wote kwenye makutano moja au mawili yenye mataa au kipilefti. Hayo mataa machache yaache, yana kazi, yanafungua mwanya kwa wanaofuata pia.

Hilo la magari ya maiti na zimamoto nalichukulia kwa uzito, kwa sababu watu kwenye nyumba ile wanakutegemea wewe. Kituo cha zimamoto, hospitali na makaburi usiviweke ndani kwenye vichochoro ambako gari lazima lipite vibao vitatu ndo lifike barabarani. Viweke kwenye zile barabara za kukusanya, na viwe vingi vidogo vilivyosambaa kuliko kimoja kikubwa upande mmoja wa mji. Na kwenye gemu ya kwanza ukijenga mtaa mkubwa kwa mkupuo mmoja, watu wanahamia pamoja, wanazeeka pamoja na wanakufa karibu wakati mmoja, kwahiyo magari yote ya maiti yanatoka kwa pamoja na mji mzima unafunga. Jenga kidogokidogo.

*Malori ya viwandani yanapita katikati ya makazi. Nipige marufuku? – Jirani wa Kiwanda*

Ipo sera ya kuzuia magari mazito kwenye eneo unalolichora, ila kwanza yape njia mbadala, la sivyo unayahamishia kwa jirani. Viwanda viweke karibu na haiwei, na viwe na mlango wao peke yao usiochangia na makazi. Stesheni ya treni ya mizigo inapunguza malori ya haiwei lakini yenyewe inayavuta malori kuja pale ilipo, kwahiyo usiiweke kwenye barabara ambayo tayari imelemewa.

*Rafiki yangu ananiambia nibomoe barabara ili foleni ipungue. Nimemuona kama amechanganyikiwa, fundi wewe unasemaje? – Mwenye Mashaka*

Anaweza kuwa sahihi. Mwaka 1968 mwanahisabati wa Ujerumani, Dietrich Braess, alionyesha kwa hesabu kwamba kuongeza barabara kwenye mtandao kunaweza kufanya safari ya kila mtu iwe ndefu zaidi, kwa sababu kila dereva anachagua inayomfaa yeye, na wote wakikimbilia njia moja mpya wanaijaza pamoja na zile zinazoilisha. Seoul, Korea Kusini, walianza mwaka 2003 kuondoa barabara kuu ya juu iliyokuwa imefunika mto Cheonggyecheon, mto ukafunguliwa 2005, wakati huohuo wakaupanga upya usafiri wa mabasi, na mji haukusimama.

Kwenye gemu yako tafuta kale kanjia ka mkato kanakopita kwenye makazi, au mlango wa haiwei ulioko karibu mno na mwingine. Hivyo ndo vya kujaribu. Sevu kwanza, bomoa kipande kimoja tu, acha mji uende muda wa kutosha mpaka magari yaliyokuwa njiani yaishe maana hayo bado yanafuata njia za zamani, alafu ndo uangalie. Kikiwa kibaya fungua ile sevu, ukija kubomoa kingine anza na kanjia kanakoleta kona nyingi za kuvuka barabara.